Sahani Nane za Mzee Manowari

Simu ya Shomari ilinikuta bustanini, nyuma ya nyumba yangu hapa Dodoma, nikipalilia mchicha ambao kuku wa jirani wameshaamua ni wao. Hakuzunguka. "Dada Felista, Mwanahawa hatunaye. Tumemzika jana." Nilikaa chini palepale kwenye tuta na sikulia, kilio kilikuja baadaye, jikoni, nikiwa natafuta chumvi. Mwanahawa nililala naye chumba kimoja mwaka mzima nilipokuwa na miaka kumi na tisa, na hakuna mtu, hata marehemu mume wangu, aliyewahi kunicheka vizuri kama yeye. Shomari alinisubiri nimalize kutoa pole, kisha akasema lile lililomfanya apige mwenyewe badala ya kuwaachia vijana. Ndani ya sanduku la Mwanahawa walikuwa wamekuta daftari la jalada la buluu. Limejaa vijimstari na vinukta ambavyo hakuna anayevielewa, ila mwishoni kuna jina langu. "Tumelipeleka hadi kwa ustadhi wa madrasa, akasema hicho si Kiarabu. Njoo arobaini utusomee." Nililijua daftari hilo na nilijua kilichomo. Nilijua pia kwamba nikifika nitaweza kusoma chochote nitakacho, kwa kuwa katika nyumba ile hakuna mwingine anayejua hatimkato, na kwamba watu walewale nilishawahi kuwasomea uongo.

Mwaka ninaousema ulikuwa mwaka wa foleni. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, na sabuni nayo ilikuwa imekwisha. Nilikuja Morogoro kusomea uhazili, yaani kupiga chapa, kupanga mafaili na kuandika hatimkato, ile namna ya kuandika kwa alama ili mkubwa akizungumza umfuate bila kumwomba arudie. Chuo hakikuwa na mabweni ya kututosha, nikatafutiwa chumba Mji Mpya, kwa Mzee Athumani, Mluguru wa Kinole aliyefiwa na mkewe na kubaki na binti yake Mwanahawa. Mzee alikuwa na kama miaka sitini, mwembamba, macho yake yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho, na riziki yake ilikuwa kusokota kamba za katani na kuziuza sokoni. Uani mwake palinukia katani na chai ya tangawizi iliyotiwa sukari guru, maana sukari nyeupe tuliisikia tu redioni. Ukisimama karibu na jiko uliuona mlima wote, ila saa ambazo mawingu yalishuka hadi kwenye mashamba ya migomba. Nyumba ile ilikuwa na sheria moja ambayo sijaiona kwingine. Asubuhi, anayetoka ndiye anayekula kwanza. Hata kama mgeni mkubwa ameketi, hata kama Mzee mwenyewe ana njaa, mwenye safari alitengewa kiporo cha magimbi na chai yake, na wengine wote walisubiri wamwone akimaliza. "Msafiri ale kwanza," alikuwa akisema, na mimi niliyekuwa nikienda chuoni mwendo wa nusu saa nilikula nikitazamwa na nyumba nzima, nikiona aibu kweli.

Mtaa mzima ulimwita Mzee Manowari. Wiki ya kwanza nilidhani ni jina la heshima, hadi Mwanahawa aliponieleza, akicheka huku amejifunika shuka, kwamba baba yake alidai kufanya kazi kwenye meli ya kivita ambayo kazi yake ilikuwa kuvua ndege baharini. Cheti chake cha utumishi kililiwa na mchwa. Picha hakuwa nayo. Alikuwa na maneno yake tu, na maneno hayo mtu wa Morogoro, aliyezungukwa na milima na mashamba ya katani, alikuwa na haki ya kuyatilia shaka. Siku moja baada ya sala ya alasiri Mzee aliniuliza kama ni kweli chuoni tunafundishwa kuandika kila neno mtu anapolisema. Nikamwambia ni kweli, na kwamba nahitaji mazoezi. "Basi kaa hapo, Karani," akasema, na tangu siku hiyo sikuitwa Felista tena. Tulifanya hivyo kila Jumamosi na Jumapili kwa miezi minne, yeye akisokota kamba kwa mikono isiyohitaji macho, mimi na daftari langu la buluu juu ya kinu kilichopinduliwa.

Meli ile, alisema, haikuzaliwa kwa ajili ya vita. Ilijengwa ibebe abiria na masanduku ya chai. Vita vya pili vya dunia vilipoanza wakubwa wakaichukua, wakaipaka rangi ya kijivu, wakaitia matangi ya mafuta ya ndege na winchi kubwa upande wa nyuma, kisha wakaipa kazi ambayo mabaharia wengi hawakuwahi kuisikia, nayo ni kutunza ndege zinazotua majini. Ndege hizo hazina uwanja. Zikitua panatakiwa mtu wa kuzifunga zisichukuliwe na maji, wa kuzijaza mafuta, wa kuziba matundu, na wa kuwapikia marubani na kuwafulia mashuka. Meli ilianza kazi hiyo pwani ya magharibi ya Afrika, kisha ikaletwa Mombasa, na huko ndiko Athumani, kijana aliyeshuka mlimani kwenda kutafuta kibarua cha bandarini, alipochukuliwa kuwa mtu wa kamba. Alikaa kwenye mashua ndogo, akaisogelea ndege ikishazima injini, akapanda mgongoni mwake na kupachika kulabu ya winchi ili ipandishwe juu kwa matengenezo. Kuogelea hakujua, mtoto wa Kinole angejifunzia wapi? Jina la Kizungu la meli alilitamka kwa namna tatu tofauti, kwa hiyo sikuliandika. Weusi waliokuwa ndani waliiita Yaya, kwa sababu kutwa kucha ililisha na kuogesha watoto wa wengine. Kutoka Mombasa ilikwenda Shelisheli, ikakaa huko miezi mingi, ikaenda Madagaska, ikarudi. Vita vilipokwisha iling'olewa winchi, ikavutwa kwenda kukatwakatwa iwe vyuma chakavu. Mzinga wake ulilia siku ya majaribio tu.

Halafu kulikuwa na habari ya sahani. Aliniambia siku moja ya mvua, tumehamia jikoni, na ndiyo siku pekee niliyomwona ameacha kamba. Kule Shelisheli ndege moja iliondoka asubuhi na watu wanane na jioni haikurudi. Nahodha akaamuru taa ziwekwe juu ya maji, zile taa za kuelea zilizopangwa mistari miwili ili ndege ijue pa kushukia, na Athumani na wenzake wakazungukia taa hizo kwa mashua usiku kucha, wakiongeza mafuta kila moja ilipofifia. Ndani ya meli mpishi, Mgoa mmoja mnene mwenye hasira, aliandaa meza ya marubani kama kawaida. Sahani nane, vijiko vinane, chakula kikiwa jikoni juu ya moto mdogo. Hawakuja. Kesho yake akaandaa tena. Siku nne taa ziliwaka na sahani zilikaa mezani, na hakuna baharia aliyethubutu kukaa kwenye viti vile hata kupumzika. Siku ya tano nahodha akasema basi. Mpishi hakumruhusu mtu azishike sahani zile. Alizibeba mwenyewe, akaziosha moja moja, ingawa zilikuwa safi. "Vita vyangu ndivyo hivyo, Karani," Mzee alisema. "Tulisubiri. Andika hivyohivyo, usiongeze chumvi." Nikaandika. Nikapata pia jibu la kwa nini kila asubuhi nilikula nikitazamwa.

Sasa lazima nieleze kuhusu jina, kwa sababu hilo ndilo lililomfanya Mzee atake maandishi. Kwa Waluguru mtu akifa jina lake haliachwi kaburini. Siku ya arobaini ndugu wa upande wa mama hukaa, wakamchagua mpwa, wakamvisha nguo ya marehemu, na tangu hapo anaitwa kwa jina lile na kusalimiwa kama marehemu alivyosalimiwa. Mpwa wa Mzee Athumani alikuwa mmoja tu, Shomari, mtoto wa dada yake, aliyekuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sukari upande wa Turiani. Alikuwa na miaka ishirini na mitano na mashati yaliyopigwa pasi kwa hasira. Alikuja kila mwisho wa mwezi, na mwezi mmoja nikiwa chumbani nilimsikia uani akimwambia Mwanahawa: "Kazini wananiita Mpwa wa Manowari. Wananiuliza samaki wa ndege anauzwaje. Mjomba akifa mnataka niitwe hivyo maisha yangu yote?" Mwanahawa akamwambia apunguze sauti. "Acha asikie," akasema. "Na hata kama ni kweli, meli gani ya vita haijapigana? Alikuwa anafua mashuka ya Wazungu."

Aliyeichochea habari hii zaidi ya wote alikuwa Bi Somoe, mtani wa Mzee. Koo zao zilitaniana tangu enzi za babu zao, na kila akishuka na kapu lake la ndizi kutoka Kinole lazima apite uani kwetu kwanza. Hakubisha hodi. Alianza kupiga kelele barabarani: "Manowari! Uko hai? Leo umevua ndege ngapi? Niuzie paja moja la rubani, wajukuu wana njaa!" Mzee alijibu bila kuinua kichwa kwamba ndege zimeadimika, lakini kama anataka kuna nyani wa ukoo wake shambani, amchukue bure. Walicheka hadi Bi Somoe akalazimika kukaa chini. Nami nilikuwa msichana wa kutoka kwingine, nilijua utani wa kurushiana neno moja msibani na kuachana, sikujua huu wa kila wiki kwa miaka thelathini. Niliona mwanamke mkali anayemdhalilisha mzee wa watu nyumbani kwake. Nilimchukia kwa moyo wote.

Kikao cha ukoo kilipangwa Kinole baada ya mavuno, na Mzee aliomba historia ya meli isomwe pale, mbele ya Shomari. Nikaanza kuihamisha kutoka hatimkato kwenda chapa, jioni, kwenye mashine ya chuo. Nilivyokuwa nikipiga nilizidi kuisikia sauti ya Shomari: meli gani ya vita haijapigana? Nilipofika kwenye sahani nikasimama. Niliwaza Bi Somoe atakavyozicheka. Nikang'oa karatasi, nikaweka nyingine, na nikaipa Yaya nyambizi ya adui. Niliipa pia mizinga sita. Niliizamisha nyambizi alfajiri, na mtu wa kwanza kuiona nikamfanya kijana mmoja kutoka milima ya Uluguru. Zilikuwa kurasa mbili, bila kosa hata moja la chapa, na nakiri niliona raha kuziandika. Sahani nikaziacha ndani ya daftari. Mzee hakuweza kuzisoma kwa macho yale, na wala hakuniomba nimsomee kabla. Aliniamini.

Tulipanda lori la ndizi hadi Mkuyuni, kisha tukapanda mlima kwa miguu, Mzee mbele na fimbo yake, akiijua kila kona. Watu walikuwa wengi, wameketi kwenye mikeka na magogo, na pilau ilikuwa bado motoni. Nilisoma kwa sauti tuliyofundishwa chuoni. Mwanzoni walipiga soga. Nilipofika kwenye nyambizi walinyamaza, na ilipozama walipiga makofi, wazee kwa watoto. Nikamwona Shomari akitabasamu, akinyanyuka mahali pake na kwenda kukaa karibu na mjomba wake, bega kwa bega. Kisha Bi Somoe akasimama, akaifunga khanga yake vizuri, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Athumani, nisamehe. Leo nimeishiwa maneno." Kila kitu Mzee alichokitaka kilikuwa pale, kimeiva, amewekewa mbele yake. Akainua mkono. "Hapo mimi simo," alisema. "Nyambizi sijapata kuiona."

Hakuna aliyeelewa. Shomari akamuuliza, "Si umeandikisha mwenyewe, mjomba?" Mzee akageuza uso wake upande nilikokuwa. Hakuwa akiniona, nina hakika, lakini alijua nilipo, na alisubiri. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno matatu, "Nimeongeza mimi, jamani." Nilizitazama karatasi zangu zisizo na kosa na nikanyamaza. Alipoona kimya kimezidi alisema polepole, "Basi nitakuwa nimekosea kusema. Uzee." Bi Somoe, kwa huruma ninavyoelewa leo, alijaribu kumwokoa kwa mzaha: "Haya jamani, nyambizi imezama na mwenyewe ndani!" Watu wakaangua kicheko, na kicheko hicho hakikuacha kitu, kikachukua Mombasa, Shelisheli, winchi na taa, vyote. Shomari akasimama. "Jina hilo msinipe," alisema. "Afe nalo." Akashuka mlima bila kula.

Njia nzima ya kurudi Mzee hakuniuliza chochote hadi tulipolikaribia lori. Hapo akasema, "Karani, zile sahani uliziweka wapi?" Nikamwambia nimeziacha kwenye daftari. "Aa," akasema. Nilitamani anitukane. Asubuhi yake niliamka mapema nitoroke kabla hajaamka, nikamkuta jikoni, chai imeshachemka, kiti changu kimeshawekwa. "Msafiri ale kwanza," alisema. Hakuwahi kumwambia mtu, hata Mwanahawa, ni nani aliyeandika nyambizi ile. Nilimaliza chuo mwezi uliofuata, nikampa Mwanahawa daftari nikamwambia alitunze, nikapata kazi mbali. Nimewapigia wakubwa chapa barua zao hadi nilipostaafu na sikumwongezea mmoja wao hata koma. Mzee alipofariki niliandikiwa, na sikwenda. Nilisingizia kazi, lakini ukweli ni kwamba niliogopa arobaini, ile saa ya kutafuta mtu wa kuvishwa kanzu yake. Baadaye nilisikia kanzu ilikunjwa ikarudishwa sandukuni.

Basi nikashuka stendi ya Msamvu siku moja kabla ya arobaini ya Mwanahawa nikiwa na miwani mipya. Nyumba ya Mji Mpya sasa ina vigae, jiko limekuwa stoo, lakini mlima uko palepale. Shomari amekuwa mzee mwenye mvi na mgongo uliopinda. Nilishangaa kusikia mtu akipiga kelele barabarani kabla ya kuingia: "Huyo karani wa nyambizi amefika? Mwambieni tuna kiu, atuzamishie kitu!" Aliyeingia alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, simjui, na wote walimwita Bi Somoe. Yule wa zamani alishafariki na huyu ndiye aliyevishwa jina, pamoja na ulimi. Alikaa karibu nami, akanishika goti. "Mimi nimerithi mdomo, dada," aliniambia, sasa bila mzaha, "na wa kumtania sina. Nyumba hii waliliacha jina likalala."

Siku yenyewe, baada ya dua na chakula, Shomari alinipa daftari. Watu walikuwa wametulia uani, sahani za pilau bado mikononi. Alama zangu za ujana zilikuwa wima na safi, nilizisoma bila shida, na moyoni nilisikia jinsi ambavyo ningeweza kusema ni mapishi, ni mazoezi ya shule, kisha nipande basi. Nikasimama. "Kabla sijasoma," nikasema, "nyambizi ile ya Kinole niliitunga mimi. Mzee hakuisema. Aliposema hayumo alisema kweli, na mimi nilikuwepo nikanyamaza, naye akajitwisha kosa langu hadi kaburini." Nikaiweka sawa miwani nikasoma, kuanzia masanduku ya chai. Nilisoma habari ya kamba na ya kijana asiyejua kuogelea. Nilisoma mashuka. Nilipofika kwenye sahani nane, na jinsi mpishi alivyoziosha ingawa zilikuwa safi, nilimsikia Shomari akivuta pumzi. Alikuwa ameitazama sahani iliyo mkononi mwake, na alikuwa akilia waziwazi, mzee mzima.

"Alikuwa anatuwekea sisi," alisema. "Kila asubuhi. Nami sikuwahi kumuuliza kwa nini." Kisha akawageukia wazee wa ukoo na kuuliza kama kanzu ya mjomba bado ipo. Mmoja alisema mambo haya yana wakati wake, wakati ulipita zamani. Bi Somoe akaruka. "Wakati gani? Mnangoja ndege zirudi? Nileteeni mtani wangu!" Walikwenda sandukuni. Kanzu ilikuwa imeliwa na wadudu begani na ilimbana kifuani, na Bi Somoe hakukawia kumwambia kwamba manowari imenenepa. Watu walicheka, Shomari naye akacheka, na nilisikia kwa mara ya kwanza kicheko kile kikiwa kama kilivyokuwa kabla sijakiharibu.

Kesho yake basi langu lilikuwa la saa mbili. Niliamka nikamkuta uani, amevaa kanzu ileile yenye tundu, anapuliza moto kwenye mafiga ingawa ndani kuna jiko la gesi. Amenizidi miaka sita tu, na maisha yetu yote tumeitana kaka na dada. Nilisimama mlangoni, nikapiga goti kidogo kama nilivyokuwa nikifanya nikiwa na miaka kumi na tisa.

"Shikamoo, Mzee Manowari."

"Marahaba, Karani." Akamimina chai, akaweka sahani ya magimbi juu ya kigoda, akarudi nyuma. Wajukuu walikuwa wameshaamka, wamejipanga ukutani na njaa zao, na mmoja alinyoosha mkono. Akamzuia. "Msafiri ale kwanza," alisema.

Nikala, nao wakasubiri.